Gogo la Gurudumu

Nyumba yetu iko Buyenzi, hapa Bujumbura, katika moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Mchana mtaa wetu una sauti ya nyundo za mafundi wa magari. Usiku ulikuwa na sauti ya Baba. Alikuwa akikoroma kiasi kwamba jirani wa upande wa pili wa ukuta alizoea kumtania asubuhi: "Mzee, jana ulipanda Bugarama na mzigo gani?" Anayeijua barabara ya kutoka mjini kwenda Bugarama anauelewa utani huo. Lori lenye mzigo hupanda mlima ule kwa kilio kirefu, likanyamaza kidogo dereva anapobadilisha gia, kisha likaanza tena kulia. Ndivyo Baba alivyolala.

Sote tulicheka. Hata Baba alicheka, maana yeye ni dereva wa lori na utani ule ulikuwa wa kazi yake. Ambacho hakuna aliyekitania ni kile kimya cha katikati. Mama peke yake ndiye aliyekijua. Aliniambia baadaye kwamba kwa miaka mingi alikuwa akihesabu gizani. Mikoromo inapanda, inapanda, halafu inakatika ghafla. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Mama anahesabu moja, mbili, tatu, mpaka ishirini, wakati mwingine mpaka thelathini. Anamsukuma begani. Baba anashtuka kama mtu aliyeopolewa ziwani, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, na mikoromo inaanza upya. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nyumbani kwetu methali hiyo tuliisikia kila usiku bila kuielewa.

Dalili nyingine zilikuwa wazi, ila kila moja tuliitafutia sababu yake. Baba aliamka na maumivu ya kichwa, tukasema ni jua la barabarani. Aliamka mara nne usiku kwenda haja ndogo, tukasema ni umri. Alisinzia katika hotuba ya Ijumaa, tukasema ni uchovu. Siku moja alisinzia tonge la ugali likiwa mkononi, tukasema maskini Baba, kazi imemzidi. Shinikizo lake la damu lilipopanda na dawa zikashindwa kulishusha vizuri, ndipo Mama alipokataa kusikiliza sababu zetu na kumpeleka kwa daktari mmoja mjini. Mimi nikaenda nao kama mkalimani.

Hapo ndipo habari yangu inapoanza, na wanafunzi wenzangu wa Kiswahili watanielewa. Daktari yule alisema Kifaransa. Baba anasema Kiswahili na Kirundi, na Kifaransa chake ni kile cha vizuizi vya barabarani, cha kuonyesha karatasi za gari na kusoma namba. Mimi, binti yake niliyekuwa nikisoma lugha, nikaketi katikati yao nikijiona mtu wa maana sana.

Daktari alianza na dodoso la maswali manane. Baadaye nilisoma kwamba lilitungwa na daktari Murray Johns wa Melbourne, Australia, mwaka 1991. Kila swali hutaja hali fulani na kuuliza una uwezekano gani wa kusinzia ukiwa katika hali hiyo. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na anayepita 10 katika jumla ya 24 huhesabiwa kuwa na usingizi uliozidi wa mchana. Maswali yale yalitungwa mbali na Buyenzi. Nilipotafsiri swali la kusinzia wakati wa kusoma, Baba akauliza, "Nikisoma nini, mwanangu? Msahafu?" Nilipofika kwenye swali la kuketi kimya baada ya chakula cha mchana bila kunywa pombe, aliniuliza kama daktari hajui kwamba yeye ni mtu wa msikitini. Tulicheka wote wanne. Kisha likaja swali la kuwa ndani ya gari lililosimama kwa dakika chache. Baba akasema, "Kidogo tu." Nikamwona Mama ameinamisha macho.

Jumla ilikuwa 17. Daktari akaeleza kwamba anashuku ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, kwamba Baba anahitaji kipimo cha usiku, na kwamba mpaka kipimo hicho kifanyike na tiba ianze, asiendeshe gari. Alisema sentensi hiyo ya mwisho mara mbili, akinitazama mimi.

Nilimtazama Baba. Lori lile ndilo lililokuwa karo yangu, sare za wadogo zangu na kodi ya nyumba. Tena mimi ni mtoto, na mtoto hamwambii baba yake aache kazi. Nikasema, "Daktari anasema upunguze safari za usiku." Sikusema uongo mtupu. Niliikata sentensi kichwa nikaleta mkia.

Baba alitii kile nilichomwambia. Aliacha safari za usiku. Wiki tatu baadaye, saa saba mchana, jua likiwaka, alikuwa anarudi kutoka Rumonge na madumu ya mawese. Barabara ile hufuata Ziwa Tanganyika karibu mwendo wote, na mahali pengine maji yako hatua chache tu kutoka kwenye lami. Kabla ya kufika Kabezi lori lilitoka barabarani polepole, bila breki, likaukumba mwembe. Mwembe ndio uliowazuia wasiingie ziwani. Utingo wake, kijana wa rika langu, alivunjika mkono mahali pawili. Mawese yalimwagika yakafanya kijito chekundu kuelekea kwenye maji. Baba alitoka na jeraha la paji la uso na sentensi moja aliyoirudia kwa kila aliyekuja kumpa pole: "Nilipepesa macho tu."

Usiku ule nilimwambia ukweli. Sikutarajia angenyamaza muda mrefu vile. Mwisho akasema, "Nilikuazima masikio yangu, mwanangu, ukanirudishia nusu." Kesho yake alikabidhi funguo za lori kwa mwenyewe na kutoa akiba yake kumtibu yule kijana. Mama akaanza kuuza ndagala sokoni. Mimi nikasimamisha masomo muhula mmoja. Nikaahidi moyoni kwamba nikipewa tena sentensi ya daktari nitaifikisha nzima.

Shangazi yangu anaishi Nairobi. Alituita huko. Tulivuka mpaka wa Kobero kwa basi na kupita Tanzania, Baba akisinzia njia nzima na mimi nikimlinda kama mtoto. Daktari wa Nairobi alisema Kiswahili, lakini cha Nairobi, na Baba akakielewa nusu. Kwa hiyo nikawa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili, kazi ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha.

Kipimo hakikuwa cha kutisha. Alipewa mashine ndogo akalale nayo kwa Shangazi: mkanda kifuani, mrija mwembamba puani, na kibano kidoleni cha kupima oksijeni katika damu. Asubuhi tuliirudisha. Pumzi ya Baba ilikuwa inakatika au kupungua sana mara 24 kwa saa, kila mara kwa sekunde kumi au zaidi. Madaktari huhesabu hivi: chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 15 ni ugonjwa mwepesi, 15 hadi 30 ni wa wastani, kupita 30 ni mkali. Baba alikuwa wa wastani. Nikapiga hesabu: mtu anayelala saa saba na kuamshwa mara 24 kila saa ameamshwa mara 168. Tulikuwa tukimlaumu kwa kusinzia, kumbe hajalala kwa miaka.

Ugonjwa huu kwa lugha za kigeni una jina la Kigiriki, apinea, yaani kukosa pumzi. Mimi napendelea kusema kukatika kwa pumzi usingizini, kwa sababu jina hilo ndilo Mama alilolielewa papo hapo. Kinachotokea ni hiki. Tunapolala, misuli yote hulegea, pamoja na ile ya koo na ulimi. Kwa baadhi ya watu njia ya hewa ni nyembamba, ama kwa umbo la taya, ama kwa unene wa shingo, ama kwa sababu nyinginezo. Ulimi ukirudi nyuma, njia huziba. Kifua kinaendelea kuvuta, hewa haiingii, oksijeni inashuka, mpaka ubongo unashtuka na kumwamsha mwenyewe kwa sekunde chache ambazo asubuhi hazikumbuki. Moyo hulipa gharama ya kila mshtuko, ndiyo maana shinikizo la damu hupanda.

Tiba ya kwanza aliyopewa ni mashine ya kusukuma hewa puani kwa kutumia barakoa. Ilibuniwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, wakaitangaza mwaka 1981, na mpaka leo ndiyo inayoshusha ile hesabu ya usiku kuliko tiba nyingine za kila siku. Kwa mgonjwa mkali ndiyo ya kwanza kufikiriwa. Baba aliazimwa moja kwa wiki mbili. Alijitahidi. Lakini kila ikifika saa nane usiku tuliikuta barakoa sakafuni. Alisema anahisi kama mtu ametoa kichwa nje ya dirisha la gari linalokimbia. Halafu akauliza maswali ya dereva: "Umeme ukikatika je? Mrija ukipasuka, nitaununua wapi Buyenzi? Nikilala ndani ya lori Nyanza-Lac nitaichomeka wapi?" Daktari hakumcheka. Alisema mashine nzuri isiyovaliwa haimponyi mtu, akaanza kutueleza habari ya kifaa cha mdomoni.

Nilidhani ni kitu kipya. Kumbe wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1902 daktari Mfaransa Pierre Robin alikuwa tayari ametengeneza kifaa cha kuvaliwa mdomoni cha kusogeza taya la chini mbele, na baadaye akalitumia wazo hilo kwa watoto ambao ulimi wao uliangukia nyuma ukawazuia kupumua. Cha leo kina sehemu mbili za plastiki ngumu, moja kwa meno ya juu na nyingine kwa meno ya chini, zimeunganishwa ili taya la chini likae mbele kidogo usiku kucha. Ulimi umeshikamana na taya hilo. Taya likisogea mbele, ulimi nao unavutwa, na koo linabaki wazi.

Nilipokuwa nahangaika kuyatafsiri hayo, nikitafuta neno la hili na lile, Baba alinikatiza. "Basi," akasema, "ni gogo la gurudumu." Daktari hakuelewa, ikawa zamu ya Baba kumfundisha. Lori likisimama mlimani, utingo huruka chini haraka na kuweka gogo nyuma ya gurudumu ili lisirudi nyuma. Ulimi ni lori, koo ni mteremko. Daktari akapiga meza kwa furaha, akasema mgonjwa anayekuja atamweleza hivyohivyo. Mimi niliyebeba kamusi nikanyamaza.

Lakini gogo halifai kwa kila gurudumu, na daktari alisisitiza jambo hilo, nami nikalifikisha lote. Kwanza, mtu apimwe usiku kabla ya kutengenezewa, kwa sababu kuna aina nyingine ya ugonjwa ambapo njia haizibi bali ubongo wenyewe hausukumi pumzi, na kifaa hiki hakiwezi kuusaidia. Pili, mgonjwa mkali huanza na mashine. Tatu, lazima kuwe na meno ya kutosha ya kukishika, fizi zenye afya, na viungo vya taya visivyouma. Nne, vile vya bei nafuu ambavyo mtu huvichemsha na kuving'ata mwenyewe havilingani na kilichopimwa mdomoni mwake. Hatari yake ni kwamba vinaweza kupunguza mkoromo na kuuacha ugonjwa. Nyumba inakuwa kimya, na kila mtu anadhani mambo yamepona.

Hakutudanganya pia kuhusu nguvu yake. Alisema watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2013 ulinganisho wa wagonjwa waliotumia tiba zote mbili kwa zamu, mwezi mmoja kila moja. Mashine ilizuia ukatikaji wa pumzi zaidi. Lakini kifaa cha mdomoni kilivaliwa saa nyingi zaidi kila usiku, na mwishowe matokeo ya afya yakakaribiana. Mwaka 2015 madaktari wa usingizi wa Marekani na wenzao wa meno walitoa mwongozo wa pamoja, kwamba mtu mzima asiyeivumilia mashine, au anayependelea tiba nyingine, aandikiwe kifaa hiki badala ya kuachwa bila tiba. Baba alitaka nirudie maneno hayo ya mwisho. Badala ya kuachwa bila tiba.

Daktari wa meno alihesabu meno yake, akasafisha fizi kwa siku mbili, kisha akachukua umbo la meno ya juu na ya chini kwa donge laini linaloganda. Siku kumi baadaye kifaa kilikuwa tayari. Bei yake ilimaliza mbuzi wote wa bibi yangu waliokuwa Rumonge na sehemu ya akiba ya Shangazi. Nayasema hayo kwa sababu makala ya afya mara nyingi hutaja tiba kana kwamba imeota mtini.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Mate yalilowanisha mto. Taya liliuma. Alfajiri, akiamka kwa ajili ya swala, alikitoa, akasukutua, na meno ya juu na ya chini hayakukutana sawasawa. Aliogopa kwamba ameharibiwa mdomo. Daktari wa meno alikuwa ameshatuonya, na alimpa kipande kidogo cha kung'ata kila asubuhi kwa dakika chache mpaka meno yarudi mahali pake. Alituonya pia kwamba baada ya miaka meno yanaweza kuhama kidogo, hivyo lazima aangaliwe kila mara. Kila wiki tulizungusha skrubu ndogo ili taya lisogee mbele sehemu ya milimita, kama fundi anayerekebisha breki, tukisimama maumivu yakizidi. Shangazi alituvumilia karibu miezi mitatu. Kisha Baba akapimwa usiku tena, safari hii akiwa amekivaa. Kutoka 24, hesabu ilikuwa imeshuka hadi 8.

Nane si sifuri, na wala si kiwango cha kawaida. Lakini alijibu tena yale maswali manane, akapata 6. Maumivu ya kichwa yalikuwa yamekwisha, na zile dawa za shinikizo la damu zilianza kufanya kazi yake. Alishauriwa apunguze uzito, alale kwa ubavu, na arudi kupimwa.

Usiku wa kwanza tuliporudi Buyenzi, Mama hakulala. Miaka yote kimya kilikuwa hatari, na sasa kimya kilikuwa dawa. Alikuwa akiamka kila mara na kuweka kiganja mbele ya pua ya Baba ili aisikie pumzi. Asubuhi jirani aliuliza kama mzee amesafiri.

Tulirudi pia kwa yule daktari wa kwanza, nikaketi tena katikati. Nilimwambia nilichofanya mara ile. Alininyamazia, kisha akasema amejifunza kumwomba mgonjwa arudie maneno kwa lugha yake kabla hajaondoka. Alizisoma karatasi za Nairobi, akasema Baba anaweza kurudi kazini kwa masharti: avae kifaa kila usiku bila kukosa, asiendeshe usiku, asiendeshe siku ambayo hakulala vizuri, na akisikia usingizi asimame, hata kama mzigo unaharibika. Nilitafsiri neno kwa neno. Baba alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akanigeukia.

"Umemaliza," aliniuliza, "au kuna kichwa kimebaki?"

"Nimemaliza, Baba."

"Haya. Rudia tena, polepole, ili na Mama yako asikie."